Zamu za Kutua na Ngitili ya Mama Ng'walu

Siku ya kuniaga ofisini mlinipa kipaza sauti, nikasema asanteni, nikaketi kula pilau. Baadaye mlinilaumu kwa ufupi huo, hasa ninyi wadogo zangu wa idara mpya ya mazingira, mnaoshinda kwenye kompyuta mkipanga nani alipie moshi wa ndege na kwa njia gani. Mliniuliza kama ni kweli mambo hayo tuliwahi kuyafanya kwenye kiwanja cha vumbi, miaka ya tisini. Ni kweli, tuliyafanya. Tulianza kwa kukosea, na aliyetusahihisha hakuwa mtaalamu, kwa hiyo naona ni haki aandikwe. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vya kwangu havitoshi kujaza ukurasa.

Mimi ni mzaliwa wa Nkome, nimekulia kwenye harufu ya dagaa wanaoanikwa. Nilipopangiwa kiwanja kidogo upande wa ndani, kule Geita inakopakana na Shinyanga, nililia siku mbili kwa sababu hakukuwa na ziwa. Nilifika asubuhi nikiwa nimevaa viatu vya kisigino na barua yangu nimeibana kwapani. Msimamizi niliyekuja kumsaidia, Mzee Lukanya, hakuiomba barua. Alitazama miguu yangu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Vua hivyo. Tuna kilomita nzima ya kutembea, kwenda na kurudi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Kila alfajiri tuliitembea njia ya kurukia, yeye kushoto na mimi kulia, na gunia na jembe. Tuliokota mawe, tulifukia mashimo ya panya, tuliviangusha vichuguu vilivyochipuka usiku, na tulikusanya mavi ya ng'ombe, ambayo mzee aliyapeleka kwenye bustani yake bila kuyaandika popote. Aliniambia kwamba kazi yenyewe ni kuokota mawe, mengine yote ni karatasi. Nimefanya kazi miaka mingi tangu hapo, katika viwanja vyenye lami na taa, na bado sijaona kosa katika maneno yake.

Vifaa vyetu vilikuwa vitatu. Tulikuwa na redio iliyosikia vizuri ikiwa imepigwa kofi ubavuni. Tulikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, ambacho tulikigonga kuwaonya wachungaji kwamba ndege inakuja. Na tulikuwa na soksi ya upepo, lile fuko refu la kitambaa linaloonyesha rubani upepo unavuma kutoka wapi. Ya kwetu ilishonwa na Bwana Karim, ambaye ukoo wake ulikuwa na duka mjini Geita tangu enzi za babu yake. Aliishona kwa mifuko ya unga na akakataa malipo, ila hakuyafuta maandishi. Kwa hiyo rubani akikaribia aliona neno UNGA likipepea juu ya mlingoti, na marubani wote wa Mwanza walikiita kiwanja chetu Unga.

Mzee Lukanya alistaafu baada ya miaka miwili, nikabaki peke yangu. Nilimshukuru siku hiyo na bado namshukuru. Alinifundisha kuwaheshimu watu wanaoishi pembezoni mwa njia, jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha kiwanja.

Wakati huo ndege zilikuwa chache. Leo daktari wa misheni, kesho kutwa mkaguzi wa pamba, halafu wiki nzima kimya. Kisha zikaingia kampuni za kutafuta dhahabu. Kila kampuni ilikodi ndege yake, na kila bwana mkubwa hakutaka kupanda ya mwenzake. Nakumbuka asubuhi moja zilitua ndege tatu zilizofuatana, zote zimetoka Mwanza, na kila moja ina abiria mmoja. Ile ya tatu, pamoja na abiria, ilileta katoni ya soda.

Mwisho wa njia, upande ambao ndege hushukia, palikuwa na ngitili ya Mama Ng'walu. Kwa asiyejua, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa masika, ng'ombe wasiingie, ili nyasi ziote na miti ipumue. Kiangazi kikikaza, malisho yakiisha kwingine, ndipo hufunguliwa. Ya Mama Ng'walu aliianzisha na marehemu mumewe kwenye ardhi iliyokuwa wazi kama sakafu. Nilipofika tayari ilikuwa na migunga mirefu, ndege wa kila rangi, na mizinga ya nyuki.

Mama Ng'walu alikuwa mjane wa makamo, mrefu, asiyependa maneno mengi. Alikuja ofisini kwangu siku moja, mwishoni mwa kiangazi, akiwa na kamba ya ng'ombe mkononi, haina ng'ombe.

"Mwangaluka, Mama Pendo," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Mwangaluka, mayu," nikamjibu, maana kwao mama ni mayu. "Shikamoo. Karibu uketi."

"Marahaba. Sikai. Ng'ombe wangu wamekimbia tena. Wawili tumewapata Buseresere, mmoja hatujamwona. Yule mwenye mimba ametupa ndama. Hiyo midege yenu inapita juu yao kama inataka kuwabeba."

Nilimpa pole. Akaniambia pole ameshapewa nyingi.

"Mimi ngitili naifunga kwa ajili ya ng'ombe. Kama ng'ombe hawakai humo, ya nini? Wakata mkaa wameshakuja kuiona. Wameweka alama kwenye miti. Masika haya yakiisha, nawapa."

Akaondoka. Nilikwenda kutazama mwenyewe, nikaziona alama za panga kwenye migunga, mbichi, zinatoka utomvu. Sikupata usingizi. Miti ile ndiyo iliyozuia vumbi lisiifunike njia, lakini kusema kweli sikuwaza vumbi. Nilimwaza yule mama akihesabu magunia ya mkaa mahali alipomzika mumewe.

Nikaomba muda kwake. "Nipe masika haya tu, mayu." Akasema masika si yangu wala si yake, lakini atasubiri.

Kwa bahati, mwezi huohuo mkubwa wangu wa Mwanza alinipeleka kwenye semina. Mtaalamu kutoka nje alitueleza kwamba kelele na moshi wa ndege haviwezi kupunguzwa kwa makaripio peke yake. Njia mojawapo ni kutumia soko. Anayechafua alipe, na anayechafua zaidi alipe zaidi. Au wekeni kikomo cha safari, kisha wenye ndege wabadilishane nafasi wenyewe kwa wenyewe. Alichora mishale mingi ubaoni. Nilinakili yote, hata mishale, na mkubwa wangu akanikubalia kujaribu kwa msimu mmoja. Nadhani alikubali kwa sababu kiwanja chetu kilikuwa mbali, na jambo likiharibika lingeharibikia huko.

Nilirudi nimejaa elimu. Nikaandika tangazo kwa mkono, nikalibandika kwenye mti wa reli, dukani, na kwenye ofisi ya kijiji: JUMATANO IJAYO, SAA NNE ASUBUHI, HATUA ZA SOKO ZITAANZA HAPA KIWANJANI. WANANCHI WOTE MNAKARIBISHWA.

Mnaojua kusoma mmeshaona nilipoharibu. Mimi sikuona.

Jumatano saa tatu niliposikia milio ya mbuzi nilidhani ni wachungaji, nikaigonga reli. Mbuzi hawakuondoka, walizidi. Wakaja akina mama na nyanya, viazi vitamu na kuku waliofungwa miguu. Akaja mtu wa Chato na dagaa wake kwenye baiskeli. Akaja fundi viatu na kigoda. Wakapanga bidhaa zao kwa mstari ulionyooka vizuri sana, katikati ya njia ya kurukia, kwa sababu ndipo palipokuwa pamefagiliwa. Mwenyekiti wa kijiji alinipongeza kwa kuwaletea gulio karibu. Alitaka kujua ushuru atakusanya nani.

Kabla sijamjibu, redio ikaita. Alikuwa Kapteni Urassa, rubani mwenye sauti ya upole na ndege yenye kelele kuliko zote.

"Mama Pendo, mbona naona mbuzi?"

"Ni mkutano wa mazingira, Kapteni."

"Mkutano una mbuzi?"

"Zunguka kidogo, Kapteni. Tafadhali."

Alizunguka. Kila alipopita, kuku walipiga kelele na watu walimpungia mkono. Ilituchukua nusu saa kuhamisha soko, na hakuna aliyehama kabla hajauza angalau kitu kimoja. Mimi mwenyewe nilinunua jogoo ili mwenye jogoo aondoke. Kapteni alipotua alikwenda moja kwa moja sokoni. Akanunua viazi, akasema kwa bei hiyo hata yeye anaunga mkono hatua za soko.

Niliona aibu ambayo hata leo nikiandika masikio yanapata moto. Lakini watu walikuwa wamekusanyika, na Mama Ng'walu alikuwa miongoni mwao, kwa hiyo nikasimama juu ya pipa la mafuta nikaeleza nilichomaanisha. Nikasema kuanzia sasa kila ndege inayotua italipa ada ya kelele na moshi, na kiasi kitakachopatikana kitanunua miche ya miti. Watu wakapiga makofi. Mama Ng'walu hakupiga.

Ada ikaanza. Nilitegemea ndege zipungue. Zikaongezeka. Marubani ambao zamani walinisalimia kwa haya walipopita chini sana juu ya ngitili, sasa walishuka wakiwa na risiti mkononi. Mmoja nilipomkaripia alinionyesha risiti yake kana kwamba mimi ndiye mkosaji. "Nimelipia kelele, mama. Sasa niipige wapi?"

Kampuni zilikuwa zinatafuta dhahabu, ndugu zangu. Ada yangu kwao ilikuwa kama bei ya pipi.

Mama Ng'walu alikuja tena, safari hii akaketi.

"Mama Pendo, kwetu mtu akikosa, akatozwa faini, anaona aibu. Harudii, maana akirudia hatusalimiani naye. Wewe hujawatoza. Wewe umewauzia."

"Nimewauzia nini, mayu?"

"Kelele. Umeipa bei. Sasa ni mali yao."

Wiki nzima ya semina, na mishale yote ile, hakuna aliyeniambia jambo hilo kwa uwazi kiasi hicho. Nilimwambia basi, nimeshindwa, naye aite watu wake wa mkaa. Akasimama, akaniambia nimfuate.

Tukaingia ngitili. Mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zilifika kiunoni. Alinionyesha jinsi anavyoigawa kiangazi. Majirani watano huingiza ng'ombe wao humo pamoja na wake. Hakuna anayelipa. Kila mmoja ana siku zake, na siku zote kwa jumla hazizidi zile ambazo nyasi zinaweza kubeba. Siku zikiisha zimeisha, hata uje na fahali wa kutoa. Lakini mwenye ng'ombe wachache anaweza kumpa mwenzake siku zake kwa mtama, kwa msaada wa kulima, au kwa kumdai wema.

"Nani anahesabu siku?" nikauliza.

"Nyasi. Mimi naziangalia tu."

Nikasimama hapo na tope miguuni, nikakumbuka ile njia ya pili ya mtaalamu, kikomo na kubadilishana. Niliiona ngumu, nikaiacha, nikachagua ada kwa sababu ilikuwa rahisi kuieleza juu ya pipa. Na huyu mama alikuwa anaiendesha tangu kabla sijajua kusoma. Nilimkumbatia. Hakuzoea kukumbatiwa, akakaa kama mlingoti mpaka nilipomwachia.

Ada niliifuta, tukafanya hivi. Nilikata vibati vidogo kwenye ubavu wa debe, nikavitoboa tundu na kuvigonga namba kwa msumari. Kila kibati ni zamu moja ya kutua kwa wiki. Idadi aliipanga Mama Ng'walu pamoja na wazee wa kijiji, nasi tukavigawa kwa kampuni kila Jumatatu. Zamu zilikuwa za kati ya saa tano na saa nane tu, muda ambao ng'ombe wako bwawani. Huna kibati, hutui. Ukihitaji zaidi, kamwombe au kanunue kwa mwenzako, mimi simo. Mgonjwa na daktari hawahesabiwi. Na kibati kimoja kila wiki kilikuwa cha kijiji, kikakaa kwa Mama Ng'walu, amefunga kwenye pindo la kanga.

Wiki ya kwanza kampuni zilipiga kelele kuliko ndege zao. Bwana mmoja aliniambia ataniondoa kazini kabla mwezi haujaisha, na alikwenda kweli Mwanza kunishtaki. Wiki ya pili mwingine alimaliza vibati vyake Jumanne, Ijumaa akabaki Mwanza na mzigo wake. Wiki ya tatu niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona: watu wa kampuni mbili zisizopatana wakishuka kwenye ndege moja, hawaongei, lakini wamekaa bega kwa bega. Baadaye walianza hata kuongea. Katoni za soda zikaja kwa lori.

Mkubwa wangu alipokuja kuchunguza yale mashtaka, sikuwa na michoro ya kumwonyesha. Nilimpeleka kwenye stoo ya mafuta. Mapipa yaliyokuwa yakiisha kila baada ya wiki mbili yalikuwa hayajafikia nusu, na safari za watu hazikuwa zimepungua kwa kiasi hicho, ni viti vitupu ndivyo vilivyopungua. Aliligonga pipa moja kwa kidole, akasikiliza. Akasema endelea. Namshukuru kwa neno hilo moja, maana angeweza kusema jingine na ingekuwa rahisi kwake.

Kiangazi kilipofika, Mama Ng'walu aliifungua ngitili. Nilikwenda, nikasimama kando. Wakata mkaa nao walikuwepo, wameketi kivulini na mapanga yao, wanangoja kuona. Ng'ombe waliingia, wakainamisha vichwa, wakala. Saa tano walitoka kwenda kunywa maji, ndege zikaja, zikaondoka. Saa tisa ng'ombe walirudi wenyewe, bila kuswagwa, wakalala chini ya ile migunga yenye alama za panga, wakicheua. Mama Ng'walu aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akawaendea wale watu wa mkaa, akawapa maziwa, akawaambia wabeja, yaani asanteni, njia njema.

Kile kibati cha kijiji kiliwatamanisha wengi. Walimjia na sukari, na vitenge, na mmoja alileta baiskeli mpya. Jibu lake lilikuwa moja. "Yaya, hapana. Hiki ni cha kimya." Wiki ikiisha alinirudishia hajakitumia, akachukua kingine.

Tuliendesha mambo hivyo hadi karibu mwisho wa muongo, kampuni kubwa ilipojenga kiwanja chake kwingine na cha kwetu kikaandikiwa kufungwa. Wiki ya mwisho Mama Ng'walu alikuja akiwa amevaa nguo za kanisani. Akafungua pindo la kanga, akaweka kibati mezani.

"Leo natumia," akasema.

"Kumleta nani, mayu?"

"Mimi. Anipandishe, anishushe. Nataka kuiona ngitili yangu kutoka huko wanakopita wao."

Kapteni Urassa hakusita. Alimfunga mkanda, akamwonyesha pa kushika, nami nikapanda nyuma. Tulipopaa hakupiga ukelele wala hakushika popote. Alibandika uso dirishani. Niliiona nami kwa mara ya kwanza kutoka juu. Kulikuwa na ardhi nyekundu, maduara, yale mashimo ya wachimbaji, yametapakaa, mapori yaliyofyekwa, vumbi mpaka macho yalipoishia, na katikati kijani kidogo chenye pembe nne. Kapteni alikizunguka mara mbili, juu sana, taratibu. Mama Ng'walu alinyoosha kidole akikiziba kwenye kioo, kikazibika chote.

Tuliposhuka aliomba maji, akanywa yote. Nilimwona macho yamelowa, nikajilaumu kwa kumpandisha. Miaka yote ile tuligombana, tulishtakiwa, tuligawa vibati, kwa ajili ya kipande kinachozibwa na kidole cha mtu mmoja.

"Mayu, pole," nikasema.

Alijipangusa, akaanza kuvua viatu vyake vya kanisani ili atembee vizuri.

"Pole ya nini? Jirani yangu Masanja ana shamba limelala pale kando, na mkwewe naye analo. Nimeyaona yote mawili. Twende, nawe uje, uwaambie nilichokiona ni kweli, wasidhani nimezeeka. Masika yanaanza mwezi ujao. Nao wayafunge."

Nilifunga ofisi saa hiyohiyo, nikamfuata.